Kadi za Picha kwa Anayejifunza Kuandika Programu za Kompyuta



Nilipokuwa katika mwaka wa uchungaji parokiani, Baba Paroko aliniomba nisaidie kuweka orodha ya michango ya ujenzi kwenye kompyuta ya ofisi. Nilikuwa nimejifunza lugha ya Python kwa miezi michache, nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuitumia. Programu yangu ilikuwa fupi. Ilichukua orodha ya wanajumuiya, ikaandaa orodha ya pili ya wadaiwa, na kila aliyemaliza mchango wake jina lake lilitolewa kwenye orodha ya wadaiwa. Nikachapa orodha zote mbili, nikazibandika kwenye ubao wa matangazo Jumamosi jioni.

Jumapili baada ya Misa ya kwanza bibi mmoja alinifuata mlangoni pa sakristia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Frateri, mwanangu, mimi mchango wangu nilimaliza tangu mwezi wa tatu. Sasa mbona jina langu halimo hata kwenye orodha ya jumuiya? Nimefanya kosa gani?" Nikaenda naye ubaoni. Hakuwa peke yake. Wote waliokuwa wamelipa walikuwa wametoweka kwenye orodha zote mbili. Waliobaki kama wanajumuiya walikuwa wadaiwa watupu.

Kosa lilikuwa katika mstari mmoja tu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na kadi zaidi ya mia moja za kujifunzia Python, na nilizijua zote kwa moyo. Mojawapo iliuliza, "Orodha ni nini?" Nyuma yake kulikuwa na maelezo niliyonakili kitabuni, na pembeni picha nzuri ya kompyuta niliyoikuta kwenye intaneti. Ningeulizwa usiku wa manane ningejibu. Lakini sikujua kompyuta inafanya nini hasa inapokutana na orodha. Makala hii inaeleza kadi za namna gani zingeniokoa siku ile, na jinsi ya kuzitengeneza. Huhitaji kuwa fundi wa kompyuta ili kuifuata. Karatasi ngumu, penseli na mkasi vinatosha kuanzia.

Kwa nini kadi, na kwa nini picha?

Kadi ya kujifunzia ina pande mbili: mbele swali, nyuma jibu. Nguvu yake inatokana na ule muda mfupi ambao umeona swali na jibu bado hulioni, ukalazimika kulitafuta kichwani mwako. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio juu ya jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fulani kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika kila walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vinne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 61 ya habari ile, na wale waliorudia kusoma asilimia 40. Wengi wetu tunaokesha na madaftari usiku wa kuamkia mtihani tunaujua ukweli huu, hata kama hatujaukubali.

Picha nayo ina nguvu yake. Mwaka 1967 mtafiti Roger Shepard aliwaonyesha watu picha zaidi ya 600, moja baada ya nyingine. Kisha akawapa picha mbili mbili, moja waliyokwisha kuiona na nyingine ngeni, wachague ile ya zamani. Kwa wastani walipatia zaidi ya mara 95 katika kila 100, kuliko walivyoweza kwa maneno au sentensi.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Kuitambua picha si sawa na kuelewa kinachoelezwa na picha hiyo. Unaweza kumtambua mtu njiani na usijue anakaa wapi wala anafanya kazi gani. Ndivyo nilivyokuwa na kadi zangu: nilitambua sura ya kadi, jibu likatoka lenyewe kama kiitikio, na akili haikufanya kazi yoyote. Kwa hiyo picha yoyote kwenye kadi inapaswa kupimwa kwa swali moja: je, inanilazimisha kufikiri, au inapamba tu?

Picha ionyeshe kile ambacho macho hayaoni

Anayejifunza useremala anaiona mbao na randa. Anayejifunza kuandika programu anaona maandishi tu kwenye kioo. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, mahali asipoweza kuchungulia. Hapo ndipo picha inapohitajika. Kuchora nembo ya Python au mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hakumsaidii. Achore hali ya mambo ndani ya mashine: jina gani linaelekeza wapi, thamani gani iko wapi, na baada ya mstari huu nini kimebadilika.

Tuchukue kosa langu. Kwa ufupi, programu yangu ilikuwa hivi:

wanajumuiya = ["Anna", "Petro", "Rosa", "Yakobo"]
wadaiwa = wanajumuiya
wadaiwa.remove("Rosa")
print(wanajumuiya)

Mstari wa kwanza unatengeneza orodha ya majina manne. Mstari wa pili nilidhani unatoa nakala ya orodha ile. Mstari wa tatu unamtoa Rosa, aliyekwisha kulipa, na wa nne unaagiza orodha ya wanajumuiya ionekane kwenye kioo. Kinachotokea ni Anna, Petro na Yakobo. Rosa hayupo.

Sasa kadi. Upande wa mbele andika mistari mitatu ya kwanza. Chini yake chora picha mbili. Katika picha A kuna vibandiko viwili, kimoja kimeandikwa "wanajumuiya" na kingine "wadaiwa", na mishale yao yote miwili inaelekea kwenye daftari moja lenye majina. Katika picha B vibandiko ni vile vile, lakini kila kimoja kina daftari lake. Swali: baada ya mstari wa pili, picha ipi ni ya kweli? Na baada ya mstari wa tatu, jina la Rosa limebaki wapi?

Upande wa nyuma andika: Picha A. Daftari ni moja lenye majina mawili, kwa hiyo ukifuta humu umefuta kote. Ukitaka daftari la pili, andika wadaiwa = wanajumuiya.copy().

Kadi hii haikuulizi maana ya neno. Inakutaka ubashiri kitakachotokea, na anayebashiri hukutana na kosa lake mezani, kabla halijafika kwenye ubao wa matangazo wa parokia.

Kanuni saba za kutengeneza kadi nzuri

1. Kadi moja, jambo moja. Ukiona jibu lako lina "na pia" mara mbili, igawe kadi hiyo.

2. Mistari ya programu isizidi mitano. Kadi si mahali pa kusomea programu nzima.

3. Uliza kitakachotokea. "Nini kitaonekana kwenye kioo?" ni swali zuri kuliko "Nini maana ya...?" Swali jingine zuri ni "Mstari upi una kosa?"

4. Chora kwa mkono wako mwenyewe. Mraba, mshale na mtu wa vijiti vinatosha. Ukishindwa kuchora kinachotokea, umegundua kwamba hujakielewa. Hilo peke yake ni faida.

5. Jaribu kwanza kwenye kompyuta, ndipo uandike jibu. Kadi yenye jibu la uongo ni mbaya kuliko kukosa kadi, maana utaukariri uongo kwa bidii.

6. Nyuma, pamoja na jibu, weka sababu kwa sentensi moja. Jibu bila sababu hukaririwa kama namba ya simu.

7. Kila kadi iwe na dada yake. Tengeneza kadi ya pili yenye picha ile ile na namba tofauti, ili kuitambua tu kusikupe jibu. Jambo hili nitalionyesha sasa hivi katika mifano.

Mifano mitatu ya kuanzia

Mabenchi na nafasi zake. Python huhesabu vitu vya orodha kuanzia sifuri, na ukikata kipande cha orodha, namba ya mwisho haihesabiwi. Wanaoanza hulichanganya hili kila siku. Chora mabenchi manne kwa mstari, na juu ya kila benchi jina moja: Anna, Petro, Rosa, Yakobo. Namba usiziandike juu ya mabenchi. Ziandike kwenye nafasi: 0 kabla ya benchi la kwanza, 1 kati ya la kwanza na la pili, hadi 4 baada ya benchi la mwisho. Swali: majina[1:3] italeta nani? Weka kisu kwenye nafasi ya 1 na kingine kwenye nafasi ya 3. Walio katikati ni Petro na Rosa. Kadi dada: majina[0:2]. Kwa picha hii huhitaji kukariri kanuni ya "ya mwisho haimo", unaiona.

Ndoo bombani. Neno "while" humwambia mtambo arudie kazi wakati wote sharti fulani linapokuwa la kweli. Angalia:

maji = 0
while maji < 20:
    maji = maji + 6
print(maji)

Chora ndoo ya lita 20, na mtu mwenye chombo cha lita 6. Kabla ya kila mmimino mtu huyo anachungulia na kuuliza, "Maji bado hayajafika 20?" Kama ndiyo, anamimina chombo kizima. Swali: mwisho kitaonekana nini? Wengi hujibu 18 au 20. Jibu ni 24, kwa sababu anachungulia kabla ya kumimina na hasimami katikati ya mmimino. Alipoona 18 bado ni chini ya 20, akamimina tena. Kadi dada: badili 6 iwe 5. Jibu ni 20. Kadi dada ya pili: acha 5, lakini badili alama < iwe <=. Jibu ni 25, maana hata kwenye 20 kamili bado anamimina mara moja zaidi. Mtu aliyekariri "24" kadi hizi zitamwumbua, na afadhali zimwumbue mapema.

Mashine ya kusaga. Funksheni ni kama mashine ya kusaga mahindi: unaleta kitu, inakifanyia kazi, inakupa kingine. Wanaoanza huchanganya "print" na "return". Andika:

def jumlisha(a, b):
    print(a + b)
x = jumlisha(2, 3)
print(x)

Chora msagaji dirishani anamwonyesha mteja unga, kisha mteja anaondoka na mfuko mtupu. Swali: x ina nini? Kwenye kioo itaonekana 5, kisha None, yaani hakuna kitu. "Print" imekuonyesha unga tu. "Return" ndiyo inayokutilia unga mfukoni. Kadi dada: ondoa print ya ndani ya funksheni, weka return a + b. Sasa x ni 5, na mteja anarudi nyumbani na mzigo wake.

Kila mfano una mpaka wake

Picha ikieleza vizuri, tunashawishika kuiamini kuliko inavyostahili. Ndoo ya lita 20 haiwezi kubeba lita 24, ingemwagika. Namba ndani ya kompyuta haimwagiki. Ukiendelea kufikiria ndoo, unaweza kudhani kompyuta itasimama yenyewe kwenye 20.

Mfano mwingine ni rozari. Frateri mmoja tuliyesoma naye alichora rozari kueleza "for", neno linalopitia vitu vya orodha kimoja kimoja. Ni picha nzuri: vidole vinashika punje moja, vinasali, vinahamia inayofuata. Ila rozari ni duara, ukimaliza unarudi ulipoanzia. "For" ikifika mwisho wa orodha inaishia hapo. Alilitatua kwa kuchora mkasi unaokata uzi baada ya punje ya mwisho.

Picha iliyozoeleka zaidi katika madarasa ni ya kigeu kama sanduku lenye thamani ndani yake. Inasaidia siku ya kwanza, lakini katika Python inapotosha siku ya pili. Sanduku linaweza kubeba vitu viwili. Kigeu kinaonyesha thamani moja tu kwa wakati. Na vitu vya sanduku moja haviwezi kuwa ndani ya sanduku jingine kwa wakati ule ule, lakini orodha moja inaweza kuwa na majina mawili, kama bibi yule alivyojionea. Kwa hiyo ninapendelea kibandiko chenye mshale. Vyovyote utakavyochagua, andika kwenye kona ya nyuma ya kadi maneno machache: "Mfano huu unaishia hapa."

Kurudia kwa mpango

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunafaa kuliko kurundika kazi yote siku moja. Katika miaka ya 1970 mwandishi Sebastian Leitner aliifanya hekima hiyo iwe rahisi kutumika kwa sanduku la kadi lenye vyumba.

Tumia vyumba vitano. Hata boksi la viatu lililogawanywa kwa makadibodi linafaa. Kadi mpya zote zinaanzia chumba cha 1. Ukipatia, kadi inasonga chumba kimoja mbele. Ukikosea, inarudi chumba cha 1, hata kama ilikuwa imefika cha 5. Mimi hupitia chumba cha 1 kila siku, cha 2 kila baada ya siku tatu, cha 3 kila wiki, cha 4 kila wiki mbili, na cha 5 mara moja kwa mwezi. Dakika kumi na tano kabla ya kipindi cha kwanza zinatosha. Umeme ukikatika au chumba cha kompyuta kikijaa, kadi za karatasi hazina habari.

Mwenye simu au kompyuta anaweza kutumia programu iitwayo Anki, ambayo hupanga yenyewe siku ya kurudia kila kadi, hufanya kazi bila intaneti, na kwenye kompyuta na simu za Android hupatikana bila malipo. Unaweza kupiga picha michoro yako ya penseli na kuiingiza humo, au kuficha sehemu ya mchoro ili ujiulize kilichofichwa. Ushauri wangu: kwanza chora kwa mkono, kisha ndipo uhamishe. Ukipakua kadi mia tano zilizotengenezwa na mtu mwingine, umeiruka kanuni ya nne, na huenda hiyo ndiyo kanuni inayofundisha kuliko zote.

Shauri la zamani

Waseminari wenzangu mtakumbuka kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapozungumzia fadhila ya busara katika Summa Theologiae, anaiweka kumbukumbu kuwa sehemu ya fadhila hiyo, naye anatoa mashauri manne ya kuikuza. Tafuta mifano ya kufaa, tena iwe si ya kawaida sana, kwa kuwa kisicho cha kawaida hushika akili. Panga mambo kwa utaratibu, moja likulete kwa jingine. Yajali na kuyapenda yale unayotaka kuyakumbuka. Na yatafakari mara kwa mara. Mtu anayechora mteja mwenye mfuko mtupu, akapanga kadi zake kwenye vyumba na kuzirudia, anatimiza mashauri matatu bila kujua.

La tatu ndilo lililonichukua muda kulielewa. Kadi zangu mia moja za mwanzo zilitoka kitabuni, na hapakuwa na jambo lolote ndani yake nililolijali. Kadi ya daftari moja lenye majina mawili niliichora Jumapili ile ile jioni, baada ya kurekebisha orodha, kuibandika upya, na kwenda nyumbani kwa yule bibi kumwomba radhi. Alicheka, akanikaribisha chai, akaniambia, "Basi hiyo kompyuta yako uifundishe kuheshimu wazee." Kadi hiyo iko chumba cha 5 tangu muda mrefu, na sijawahi kuikosea.

Kwa hiyo usianze na kitabu. Anza na makosa yako ya wiki hii. Programu ikikukatalia, au ikikupa jibu usilolitarajia, lipunguze kosa lile hadi mistari mitatu au minne, chora ulichodhani kinatokea, chora na kinachotokea kweli, kisha weka picha zote mbili mbele ya kadi na ujiulize ipi ni ya kweli. Kadi tano za namna hiyo kwa wiki zinatosha.